Majilio ya Chumba cha Nyuma

Jumapili, 29 Novemba

Leo Majilio yameanza, majuma yale ya kungoja Krismasi, na sikwenda kanisani. Tangu tuoane, mwenye dini humu ndani alikuwa mke wangu. Mimi nilikuwa mtu wa kumsindikiza tu, nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, matangazo yakianza natoka. Sasa yeye amelala chumba cha nyuma tangu alipopigwa na kiharusi mwezi wa nane. Upande wa kulia umekufa, na ulimi umebakiwa na neno moja. Anasema "haya." Ukimuuliza kama ana njaa, haya. Kama anaumwa, haya. Nikimwambia kinyozi wa ng'ambo ya barabara kaleta kiti kipya cha kuzunguka, haya. Nimejifunza kuzitofautisha. Iko haya ya maji, iko haya ya kugeuzwa, na iko haya ya kunifukuza chumbani nirudi duka la mbele nikaendelee kunyoa wateja.

Zamani tukienda kulala nilikuwa namsimulia mambo ya dukani, nani kaja, nani kadanganya. Nikijaribu siku hizi machozi yanamtoka, na sijui kama ni kicheko au ni uchungu, nikaona niache. Lakini mambo ya siku yanataka pa kwenda, ndiyo maana naandika.

Mvua kutwa nzima. Shuka hazikukauka.

Jumatatu, 30 Novemba

Shuka bado mbichi. Nimezianika dukani, juu ya viti vya wateja. Dereva wa lori alipoingia kunyolewa akauliza kama siku hizi nimefungua nyumba ya wageni. Nilicheka. Kumbe bado naweza.

Alhamisi, 3 Desemba

Muuguzi amekuja. Ni jirani yetu wa ukuta mmoja, alishastaafu, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi. Kanisani haendi na hataki kuulizwa. Alimgeuza mke wangu ubavu, akaangalia mgongo, akaniita nisogee.

"Unaona hapa palipoanza kuwa pekundu?"

"Naona."

"Ukimwacha alalie upande mmoja, nyama inaoza angali hai. Mgeuze mara kwa mara, hata kama duka limejaa."

"Wateja wataondoka."

"Basi waondoke. Vichwa havikosekani duniani."

Akanionyesha namna ya kumtandikia bila kumnyanyua, kumviringisha kwenye shuka kama mtu anayekunja mkeka. Akanikumbusha vidonge vya presha, asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja. Alisema hivyo akiwa mlangoni, amenipa mgongo, kama mtu anayejisemea.

Binti yetu alipiga simu. Yuko nchi ya mbali, kazi yake ni kumtunza bibi mmoja mgonjwa wa huko, anamwogesha, anamlisha, anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Karatasi zake zina matatizo, akitoka hatarudi, na akikosa kazi ile hatuna dawa. "Baba," aliniambia, "leo nilikuwa namkausha miguu yule bibi, nikajikuta namwita mama." Nilimwekea simu mama yake sikioni. Alisema haya, haya, haya, mpaka mtandao ukakatika.

Ijumaa, 4 Desemba

Umeme hakuna. Nimenyoa kwa mkasi.

Jumapili, 6 Desemba

Shemeji amekuja baada ya ibada yake. Huyu ni mdogo wa kike wa mke wangu, wa tumbo moja, na kusema kweli sijawahi kumpenda. Akiingia nyumba ya mtu anasogeza vitu. Alisogeza beseni, akafungua dirisha, akasema chumba kinanuka.

"Kinanuka kwa sababu kuna mgonjwa," nikamwambia.

"Kinanuka kwa sababu mmeshakata tamaa, shemeji. Mmemlaza hapa kama maiti anayengoja gari."

Yeye husali kwenye hema lile la uwanjani, kwa Mhubiri kijana ambaye watu wanamwongelea sana. Alisema Mhubiri amefunuliwa kwamba ipo familia ina mama aliyelala, na mama huyo atasimama Krismasi hii. Nikamuuliza kama Mhubiri alifunuliwa au alisimuliwa. Baadaye nikamkuta ameinama kitandani, anamchana dada yake nywele za mbele tu, zile zinazofikika. Nilirudi dukani.

Jumanne, 8 Desemba

Mhubiri amekuja. Nilitegemea mtu wa mikogo. Ni kijana mwembamba, amenyoa vibaya upande wa shingo, na viatu vyake vyenye matope alivivua mlangoni bila kuambiwa. Alipiga magoti sakafuni, pale pale penye unyevu, akaomba kwa sauti ya chini mpaka jasho likamtoka. Hakuomba sadaka. Nilimpa chai, akaninong'oneza kama naweza kumwongezea sukari, aliamka na njaa.

Kisha akasema, "Baba, Bwana anakuja kwa nyumba iliyomwandalia nafasi. Krismasi hii mama atatembea. Lakini huwezi kumwambia Mungu njoo huku umeshika mlango. Hivi vidonge ndivyo mlango mlioushika."

"Muuguzi amesema asiruke hata siku moja."

"Muuguzi anasema anachokijua. Mimi sikulazimishi. Mwulize mwenyewe mgonjwa."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake, ameziba mdomo kwa kiganja. Nikainama kwa mke wangu. Nikamwambia, mama, unasikia tunachosema? Tuviache vidonge, tumtegemee Mungu peke yake?

Aliniangalia sana. Akasema, "Haya."

Ilikuwa haya ambayo sijawahi kuisikia. Haikuwa ya maji wala ya kugeuzwa. Mhubiri akasema amina. Shemeji akaanza kulia. Na mimi, mtu wa benchi la nyuma, nikasema amina kwa sauti kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimechoka kupita kiasi, na mtu akichoka hivyo anataka kuamini kitu chochote kinachosema kwamba kuna mwisho.

Jumatano, 9 Desemba

Vidonge hakumeza.

Alhamisi, 10 Desemba

Jua limetoka. Shuka zote zimekauka, mpaka mito. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza nilipokuwa namkausha. Nilimwita shemeji aone. Hakikucheza tena, ila mimi nilikiona.

Jumamosi, 12 Desemba

Duka limejaa, watu wanataka kupendeza kwa sikukuu. Mashine haikupoa. Nilikuwa namwambia kila mteja kwamba mke wangu anaendelea vizuri. Dereva wa lori akasema akisimama siku ya Krismasi, yeye atanyoa ndevu zake zote, zile anazojivunia. Tukapeana mikono.

Jioni nilivitoa viatu vyake vya kanisani chini ya kabati, nikavipiga rangi. Shemeji alinikuta navipuliza vumbi. Akachukua kimoja, akakipangusa kwa upindo wa gauni lake. Kwa mara ya kwanza niliona wanafanana, yeye na dada yake, hapa kwenye kidevu.

Muuguzi aliniuliza kupitia ukutani kama dawa zipo za kutosha. Nikamjibu zipo. Na kweli zipo.

Jumatatu, 14 Desemba

Sasa ni mchana, niko kwenye benchi la korido hospitalini. Karatasi nimeomba kwa mtu wa mapokezi. Nikikaa bila kuandika nitapiga kelele.

Asubuhi nilikuwa namnyoa mwalimu mmoja, upande mmoja umekwisha, upande wa pili bado. Nikasikia kishindo cha beseni. Nilimkuta mke wangu kichwa kimeangukia ukingoni mwa kitanda, jicho moja limegeuka, mdomo unatoa povu na sauti ya koo kama mtu anayesukutua maji. Niliita jina lake, hakusema haya. Nikamshika uso na yule mwalimu akaingia na kitambaa changu cha kunyolea shingoni, kichwa nusu. Ndiye aliyekimbilia gari. Alitusindikiza mpaka hapa akiwa hivyo hivyo, na watu wa korido walikuwa wakimwangalia yeye badala ya mgonjwa. Sitamsahau.

Daktari ni dada mdogo, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alipima, akapima tena, akaniuliza, "Dawa za presha anameza?"

Nikasema, "Ziliisha."

Shemeji alikuwa amefika, amekimbia kwa miguu, amelowa chapachapa. Aliniangalia. Sikuweza kumwangalia. Kisha akamgeukia daktari, akasema taratibu kabisa, "Hazikuisha, daktari. Tuliziacha. Ni mimi niliyesema ziachwe."

"Kwa muda gani?"

"Tangu Jumanne."

Daktari hakutugombeza. Alifunga macho kidogo, akayafungua, akaandika. Afadhali angetutukana. Alisema kiharusi cha pili kimepiga mahali pabaya, kwamba kumeza pengine hakutarudi, kwamba tusitegemee sana. Kisha akaitwa kitanda kingine.

Tumekaa benchi moja, mimi na shemeji, katikati yetu mfuko wa nguo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia maisha yangu yote yaliyobaki, na ingekuwa rahisi. Lakini mimi ndiye niliyeuliza lile swali. Mimi ndiye niliyemwekea mgonjwa mdomoni jibu nililolitaka, kwa neno pekee alilokuwa nalo. Angesema nini kingine? Hakuwa na hapana.

Jumatano, 16 Desemba

Hajafumbua macho. Kwenye wodi wamefunga karatasi za rangi dirishani na nyota ya boksi. Mvua inaingia kwenye kona, nyota imenyonyoka.

Ijumaa, 18 Desemba

Wameturuhusu. Ruhusa yenyewe ni ya kutuambia twende tukangojee nyumbani. Kitanda kinahitajika. Macho amefumbua, ila hayashiki kitu. Chakula ni cha maji, kijiko cha chai, nusu kinarudi. Daktari alisema, "Mtunzeni, asiumie." Nikauliza kwa muda gani. Akasema, "Mtunzeni tu, baba."

Muuguzi alikuwa anatungoja mlangoni. Alishasikia. Nilitega uso nipigwe. Aliingia, akatandika, akamlaza, akapandisha mto kichwani asipaliwe. Kisha akalikuta boksi la vidonge juu ya kabati, limejaa. Alilishika kwa muda, akalirudisha pale pale, akaenda zake.

Binti nilimwambia. Yote nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Bibi ananiita, baba. Lazima niende," akakata.

Jumapili, 20 Desemba

Jumapili ya mwisho ya Majilio. Akina mama wa kanisani walikuja, wale waliokuwa wanajaza nyumba mwezi wa nane na ambao tangu mwezi wa kumi walikuwa wanatuma salamu. Waliimba wakiwa wamesimama, kwa sababu viti vimejaa shuka. Mmoja akamwambia mke wangu ajipe moyo, Krismasi ni furaha. Hakuna aliyekosea kitu. Niliwasindikiza, nikarudi, nikafunga mlango, nikakaa chini sakafuni.

Lile neno moja nalo limekwenda. Nyumba ina ukimya ambao sikuujua.

Jumanne, 22 Desemba

Mhubiri amekuja dukani.

Alikuja saa ambayo hakuna mteja, mvua imewarudisha wote makwao. Amekonda zaidi, ndevu zimemwota ovyo. Alisimama mlangoni, ameshika viatu mkononi.

"Baba," akasema.

Nilikipangusa kiti. Sijui kwa nini, labda ni mazoea, mtu akiingia mkono wangu unapangusa kiti. Akadhani namkaribisha, akakaa. Nikamfunga kitambaa. Nikampaka povu. Nikafungua wembe mpya, ule wa mkono, maana umeme ulikuwa umekatika.

Niliulaza wembe chini ya sikio lake. Aliona mkono wangu kwenye kioo. Mimi pia niliuona, na haukuwa unatetemeka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alifumba macho, akainua kidevu juu, akaniachia shingo yote.

"Mama yangu alikufa wodini nikiwa mdogo," alisema, macho amefumba. "Walimpa dawa mpaka mwisho. Nilijiapiza nitampata Mungu anayeponya. Nilimsikia, baba. Siku ile nilimsikia kabisa, kama ninavyokusikia wewe."

"Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana sasa sijui nilimsikia nani."

Mshipa wa shingo yake ulikuwa unapiga chini ya wembe. Nilifikiria mambo ambayo sitayaandika. Kisha nikamnyoa. Nilimnyoa vizuri, shavu moja, shavu la pili, chini ya pua, na ile shingo ambayo mwenzangu fulani alimharibia. Nilimfuta. Aliinuka, akapiga magoti kwenye nywele za watu sakafuni, akaniomba nimsamehe.

Nikamwambia, "Sina. Ningekuwa na msamaha ningekupa, lakini leo sina."

Akaniomba amwone mgonjwa. Nilimfungulia chumba cha nyuma. Hakuomba safari hii. Alikuta shuka limelowa, akanitazama, nikamwonyesha kwa mkono linavyoviringishwa. Tukalibadilisha sisi wawili. Alipoona mgongo wa mke wangu, pale pekundu palivyogeuka vidonda, alitoka nje kutapika. Akarudi, akashika ncha yake ya shuka, tukamaliza.

Alhamisi, 24 Desemba

Nimefunga duka mapema. Dereva wa lori alikuja kunyoa ndevu zake zote. Nikamwambia hakuna aliyesimama. Akasema anajua, ninyoe tu.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi.

Kengele zimelia tangu asubuhi. Watu wamepita dirishani na nguo mpya, wameinua pindo zisishike matope. Shemeji amekuja kwa mlango wa nyuma. Nikamuuliza kama haendi hemani. Akasema hema limefungwa, Mhubiri ameondoka, hakuna anayejua kaenda wapi. "Na hata lingekuwa wazi," akasema, hakumalizia.

Tulimwogesha. Muuguzi alikuja kutusaidia kumshika, akasema nywele za kisogoni zimejifunga na kuwa kama gunia, na chini yake ngozi imeanza kuchubuka. "Zitolewe zote," akasema. "Wewe si kinyozi?"

Miaka yote hii sijawahi kumshika kichwa kwa kazi. Alikuwa anasukwa na wanawake wenzake, mimi nilikuwa wa vichwa vya wanaume. Nilileta mashine nzuri, nikaipaka mafuta. Shemeji akamkumbatia kutoka mbele, kidevu cha dada yake begani mwake, nami nikaanzia shingoni kwenda juu. Nywele zilianguka vipande vipande, nyeusi na nyeupe. Juu kidogo ya sikio la kushoto nikakuta kovu, refu kama kidole, limepona zamani. Nimelala na mwanamke huyu tangu ujana, na sikulijua.

"Hili la nini?" nikauliza.

Shemeji hakuhitaji kuangalia. "Ni langu," akasema. "Nilikuwa mchanga, amenibeba mgongoni, akateleza kwenye ngazi. Angeanguka chali ningekuwa chini yake. Alijigeuza, akaangukia kichwa." Akamvuta dada yake karibu zaidi. "Mama alikuwa akitusimulia kila nikiwa mtundu. Mimi nilitaka asimame, shemeji. Sikutaka kitu kingine. Nilitaka asimame tu."

"Najua," nikasema. Na najua kweli.

Nilipomaliza, kichwa kilikuwa kitupu, laini, chepesi kuliko nilivyotegemea. Nilikishika kwa kiganja kisianguke, kama nilivyokishika kichwa cha binti yetu siku alipozaliwa, mkunga akinigombeza niweke mkono chini ya shingo. Mke wangu alikuwa akitazama kitu ambacho hakipo. Mate yalimtoka. Nikayafuta. Akalowesha taulo tulilokuwa tumemtandikia. Tukalitoa, tukaweka jingine bichi, maana makavu yalikuwa yamekwisha.

Kule kanisani wameanza kuimba. Nimezisikia nyimbo hizo kila mwaka kutoka benchi la nyuma, kwamba Mungu amezaliwa, na mimi kila mwaka nilifikiria nyota na malaika, mambo ya juu. Leo, nikiwa nimeshika lile taulo, ndipo nilipofikiri kwamba basi aliogeshwa. Kwamba kuna mtu alimshika shingo isianguke. Kwamba hakuwa na neno hata moja, alilowesha nguo, akafutwa, akageuzwa, akalishwa, na kama wangemsahau angekufa. Kwamba alitaka kuja hivyo. Sikufarijika, nisidanganye. Mke wangu anakufa, na mkono wangu umo. Sijui Mungu wa namna hiyo anamsaidia nini mtu. Haponyi. Anakuja tu, amelala pale kama yeye.

Muuguzi alikuwa anakusanya nywele kwa ufagio. Aliziweka pembeni, hakuzitupa. Shemeji akaniambia, "Omba basi, shemeji. Ni Krismasi, na mwenye kuomba humu ndani hawezi."

Sijui kuomba. Nilitazama kile chumba, mabeseni, kamba ya shuka mbichi kutoka ukuta hadi ukuta, harufu ile ambayo kufungua dirisha hakuitoi, na sisi watatu tusiojua pa kuweka mikono. Nikasema nilichokuwa nacho, kile mtu anachomwambia mgeni aliyefika nyumba ikiwa haijafagiwa.

Nikasema, "Karibu. Utusamehe, umetukuta hivi."